Zaburi Zinazolia

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa akiwa amekufa. Ilikuwa mjini Meru, miaka ile bwawa la Kiambere lilipokuwa likijengwa, na mume wangu alikuwa fundi wa magari huko bwawani. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kinoru, karibu na uwanja wa mpira, na Jumapili alasiri nilisikia watu wakishangilia mabao nisiyoyaona huku nikifuma sweta ndogo za mtoto.

Mimba ilikuwa imekwenda vizuri. Kisha siku moja kazini nikatambua kwamba tangu asubuhi mtoto hajacheza. Nilijiambia amelala. Kulipokucha nilikwenda hospitalini, na muuguzi aliyenisikiliza tumboni aliweka kile chombo chake hapa, akakiweka pale, akakirudisha hapa, halafu akaenda kumwita mwenzake bila kuniambia neno. Hapo nilijua.

Sikumwona mtoto. Nilishikwa na homa kali baada ya kujifungua, na wauguzi, kwa huruma yao, walionelea ni heri nisimwone. Ndivyo ilivyokuwa siku hizo. Mume wangu alipopata habari alikuja mbio kutoka Kiambere, akapewa mtoto amefungwa ndani ya shuka, na kwa pikapu ya rafiki yake akampeleka kwao, upande wa Siakago, akamzika huko. Aliporudi wodini, viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la kwao Mbeere. Nilimwuliza kama amemaliza. Akasema amemaliza. Hatukuongea zaidi ya hapo, na niliporuhusiwa kwenda nyumbani yeye alirudi kazini.

Akina mama wa kanisa letu walikuja kunitazama. Nawashukuru hadi leo, na nasema hivyo mapema kwa sababu wakati ule sikuwashukuru hata kidogo. Walileta chupa za chai, uji wa wimbi na ndizi za kupika. Mmoja alinifulia nguo zote bila kuombwa. Lakini kabla ya kuondoka, kila kundi lilifungua Biblia na kusoma Zaburi ile ile ya mchungaji na kondoo wake, halafu mtu angesema kwamba Mungu naye hupenda kuchuma maua yaliyo mazuri. Mimi niliitikia amina nikitazama sakafu.

Zaburi hazikuwa ngeni kwangu. Nililelewa juu mlimani, kwenye kahawa na chai, na baba yangu alitusomea moja kila asubuhi kabla hatujaenda shambani. Upande wetu wa mlima mvua haikutunyima sana. Mito ilishuka mwaka mzima, nyasi zilikuwa mbichi hata Januari, na baba aliposoma habari za malisho na maji na vilima vinavyopiga kelele kwa furaha, nilidhani anasoma habari za shamba letu. Nilikua nikiamini kwamba Zaburi ni kitabu cha watu walioshiba. Sasa, peke yangu Kinoru, kila nilipokifungua nilikifunga tena. Nilihisi kama mtu anayechungulia dirishani kwa jirani wakati wa karamu.

Halafu maziwa yakaja. Hakuna aliyekuwa amenionya kwamba yangekuja. Matiti yalijaa yakawa magumu kama mawe, na nilipomsikia mtoto wa mpangaji mwenzangu akilia ng'ambo ya ukuta, blauzi yangu ililowa. Nilikuwa nimekaa hivyo, nguo imelowa kifuani, mama mkwe wangu alipobisha hodi.

Nilimwogopa mama huyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Wakati wa posa yetu alikuwa amesema mbele ya watu kwamba watu wa mlimani ni wazuri lakini hawalijui jua. Alitaka mwanawe aoe msichana wa karibu, atakayeweza kulima mtama kwenye joto la Mbeere. Nililibeba neno hilo moyoni, na tangu harusi tulikuwa tukiheshimiana kwa mbali. Nilipomwona mlangoni na kiondo chake mgongoni, nilifikiri amekuja kuniuliza nilimfanya nini mjukuu wake.

Hakuniuliza, wala hakuniambia pole. Aliweka kiondo chini, akanitazama kifuani, akaomba leso. Akanisimamisha, akaizungusha leso na kuifunga kwa nguvu mpaka nikashindwa kuvuta pumzi vizuri. Aliniambia nisiyakamue, yatakauka yenyewe. Kisha akaenda jikoni kukoroga uji, na nilipokuwa nikiunywa akawa ananitazama mpaka nikamaliza kikombe.

Alikaa nami Kinoru mpaka maziwa yakakauka. Alizungumza Kimbeere na mimi nilimjibu Kimeru, maana lugha zetu ni ndugu, na pale zilipokataa kukutana tuliazima Kiswahili. Siku moja aliniambia tushuke pamoja kwake, kwani likizo yangu ya uzazi ilikuwa haijaisha na yeye mtama wake ulikuwa umeanza kukomaa. Alisema hivyo kana kwamba yeye ndiye anayehitaji msaada. Nilifungasha nguo kidogo, pamoja na Biblia yangu ya Kimeru ambayo sikuwa na nia ya kuifungua.

Boma lake lilikuwa mwendo mfupi kutoka soko la Siakago: nyumba ya mabati, jiko la udongo, ghala la mtama juu ya miguu ya miti, na mbele yake shamba. Joto lilinipiga usoni kana kwamba nimefungua tanuri. Asubuhi yangu ya kwanza, kabla jua halijapanda, alitoa viti viwili nje akaleta Biblia yake. Ilikuwa ya Kikuyu, maana ya lugha yao wenyewe haikuwapo, na ndani yake alikuwa ameweka vipande vya uzi wa katani, vile vinavyobaki mtu akisuka viondo, ili kuzitia alama kurasa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Nilijikaza nikimngojea mchungaji na kondoo wake.

Hakuja. Alisoma maneno ya mtu anayelalamika. Mtu huyo anasema amejaa taabu hadi shingoni, kwamba yuko miongoni mwa wafu, kwamba rafiki zake wamemkimbia na Mungu amemfichia uso. Nilingoja pale mambo yanapogeuka, maana nilijua kwamba Zaburi nyingi hata zikianza kwa kilio hugeuka na kushukuru. Mama mkwe wangu akasoma neno la mwisho, ambalo ni giza, akafunga kitabu.

"Mama, imeishia hapo?" nilimwuliza.

"Imeishia hapo."

"Hakuna shukrani mwishoni?"

"Hii haina," akasema. "Aliyeitunga hakuwa na shukrani siku hiyo. Na bado wakubwa wakaiweka ndani ya kitabu."

Akachukua jembe lake akaenda shambani. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa nimesoma Zaburi maisha yangu yote na sikuwahi kukutana na hiyo. Labda baba aliiruka. Nilikwenda ndani nikatoa Biblia yangu ya Kimeru, nikaitafuta, nikaikuta. Niliisoma tena mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini nilihisi kwamba kuna mtu ameketi upande wangu wa ukuta.

Asubuhi zilizofuata tulifuata vile vipande vya uzi. Kila kimoja kilionyesha Zaburi inayolia. Kulikuwa na yule anayemwuliza Mungu atamsahau mpaka lini, na yule aliyelowanisha kitanda chake kwa machozi, na yule mwenye kiu katika nchi kavu isiyo na maji. Hiyo ya kiu niliielewa kule Siakago kama nisivyoielewa nyumbani kwetu, kwa maana niliona korongo likiwa mchanga mtupu na wanawake wakichimba humo kwa bakuli ili wapate maji ya kunywa.

Kidogo kidogo aliniambia alivyozipata. Zamani, katika miaka ya njaa, alizika watoto wawili waliougua surua, wakati mume wangu angali mgongoni. Wakati huo hakujua kusoma. Alikuwa ameambiwa kanisani kwamba Mkristo hanung'uniki, basi akanyamaza kwa miaka mingi, na kunyamaza huko, alisema, kulimkausha. Baadaye sana, watoto wake waliobaki wakiwa wakubwa, ndipo alipojiunga na masomo ya ngumbaru pamoja na akina mama wengine. Walikuwa wakisomeshwa kwa Biblia kwa kuwa ndicho kitabu walichokuwa nacho. Siku moja mwalimu alifungua Zaburi mojawapo ya hizo, na mama mkwe wangu akamwomba arudie. Mwalimu alidhani hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia. Alitaka tu kuhakikisha kwamba maneno yaliyokuwa tumboni mwake miaka yote hiyo yalikuwa yameandikwa na mtu, na kwamba si dhambi.

Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Mtama ukishaanza kukomaa, ndege wadogo huja kwa makundi, na shamba lisilo na mtu huliwa lote mara moja. Katikati ya shamba kulikuwa na dungu, yaani jukwaa la fito lililoinuliwa juu ya nguzo, na nilipanda hapo asubuhi na kushuka jua likipungua. Nilipewa kombeo na rundo la mabonge ya udongo mkavu. Sikuweza kulenga hata kidogo. Tena niliona haya kupiga kelele. Mimi nilikuwa mtu wa ofisini. Sauti yangu ilikuwa ya kusema ndiyo bwana na barua iko tayari. Basi nilipiga makofi tu, na ndege walihama kutoka shuke moja wakatua kwenye la pili. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akilinda upande wa pili wa shamba, aliwatukana ndege kwa sauti iliyofika sokoni. Aliwaita wezi, aliwaita wavivu, aliwauliza kama mama zao waliwahi kushika jembe.

Alasiri moja walikuja wengi kuliko siku zote. Walishuka kama wingu, nikaona mashuke yakiinama mbele yangu. Nilisimama, nikarusha udongo, nikapiga makofi, na hakuna hata mmoja aliyejali. Hapo nikapiga kelele. Kelele ya kwanza ilikuwa ya ndege. Ya pili haikuwa yao. Nilimwuliza Mungu alinipa miezi yote ile ya nini. Nilimwuliza kwa nini aliacha nifume zile sweta. Nilimwambia kwamba mimi sikuwa nimemwomba maua, niliomba mtoto, na kama yeye ndiye aliyechuma basi aje aniambie mwenyewe. Nilisema hayo yote kwa Kimeru, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, huku nikirusha mabonge pande zote, machozi na makamasi yakinitiririka. Ndege waliruka, wakarudi, wakaruka tena. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika.

Najua mama mkwe wangu alinisikia, na Kimeru alikielewa vizuri. Hakuja. Aliendelea upande wake kuwatukana ndege vile vile, labda kwa sauti kubwa zaidi kidogo, ili majirani wafikiri sote tunafanya kazi moja. Niliposhuka alikuwa amesimama chini ya dungu na kibuyu cha maji. Alinipa nikanywa. Kisha akayatazama mashuke yaliyosalimika, akasema:

"Leo ndege wamekukoma."

Nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu nilipotoka hospitalini, na kicheko kiliniuma mbavu. Yeye naye akacheka, mkono mdomoni. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba pale juu nilikuwa nimeomba. Yalikuwa maombi yangu ya kwanza tangu msiba, na hakuna hata neno moja lililokuwa zuri.

Asubuhi iliyofuata, alipomaliza kusoma, nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu nifike. Nilimwuliza mwanangu amelazwa wapi. Akainuka, akanipeleka nyuma ya jiko. Palikuwa na mahali padogo pamezungushiwa mawe meupe ya korongoni, na pembeni mishubiri imepandwa. Mtu akiwa jikoni, mlango ukiwa wazi, aliweza kupaona akiwa ameketi kwenye kigoda.

Alinieleza kwamba mwanawe alipofika na ule mzigo wa shuka, wazee wa boma walisema mtoto asiyevuta pumzi haliliwi. Azikwe upesi kule ukingoni mwa shamba na watu waendelee na kazi. Ndivyo ilivyokuwa desturi, wala hawakuwa na ubaya. Yeye alikataa. Aliketi chini akamwomba mwanawe ampe mtoto.

"Nilimshika," aliniambia. "Nilimfunua nikamtazama vizuri, maana nilijua utakuja kuniuliza."

Nilimshika mkono tu.

"Alikuwa na nywele nyingi," akasema. "Kidevu kilikuwa hiki chako, hakikupunguka. Vidole virefu, vya baba yake. Hakuwa na kasoro popote, mwanangu. Alikuwa mtoto mzuri."

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemtaja kuwa ni mtoto. Hospitalini walisema imetokea hivi, imekuwa vile, kana kwamba ni kitu. Mama huyu ambaye nilidhani hanipendi alikuwa ameketi juani akamtazama mwanangu kwa niaba yangu, akamweka akilini kipande kwa kipande, akangoja mpaka nitakapoweza kupokea. Nimepewa vitu vingi maishani. Sijapewa kingine kama hicho.

Mchungaji hakuitwa siku ile, kwa hiyo mama mkwe wangu alisoma mwenyewe kaburini. Hakusoma moja ya zile zinazolia. Alichagua ile inayosema kwamba Mungu humwona mtu angali anaumbwa tumboni mwa mama yake, mahali pa siri, kabla hajawa na siku hata moja duniani. Alisema alisoma polepole kwa sababu mwanawe alikuwa analia, na alilia mpaka akakaa mchangani.

Hilo nalo lilikuwa jipya kwangu. Nilikuwa nimemwona mume wangu na macho makavu wodini, nikamwekea kinyongo kwa hayo.

Alikuja mwisho wa mwezi, kwa miguu kutoka barabarani, sare yake ya kazi imejaa grisi. Nilimpeleka nyuma ya jiko. Nikamwambia kwamba mama amenieleza alivyolia. Aliinamisha kichwa. Alisema, "Niliona nikilia mbele yako, na wewe ulivyokuwa, tutaanguka wote na hatutakuwa na wa kutuinua." Nikamwambia tungeanguka tu. Tungeinuka baadaye. Ile Zaburi ya mtoto tumboni tuliisoma pamoja jioni hiyo, yeye kutoka Biblia ya Kiswahili, mimi Kimeru, na mama Kikuyu, kila mmoja mstari wake, tukisubiriana pale ambapo lugha moja ilikuwa ndefu kuliko nyingine.

Nilikaa mpaka mavuno. Nilijifunza kupura mtama na kuupepeta, na ngozi yangu ilikuwa imegeuka rangi hivi kwamba mama mkwe alimwambia jirani, nikisikia, kwamba huyu wa mlimani jua limemzoea. Asubuhi ya kupakia magunia alisoma Zaburi ya shukrani, na nilistaajabu kuona kwamba niliweza kuitikia. Sikuona kwamba huzuni imekwisha. Niliona tu kwamba shukrani na kilio vinakaa katika kitabu kimoja, kurasa zimegusana, na hakuna aliyevitenganisha.

Niliporudi Kinoru niliwatembelea wale akina mama wa kanisa mmoja mmoja, nikawapelekea unga wa mtama wa Mbeere. Sasa niliweza kuona upendo uliokuwa ndani ya zile chupa za chai. Yule aliyenifulia nguo, baada ya muda mume wake alipooza upande mmoja, na nilikwenda kukaa naye. Sikumsomea ya mchungaji. Nilimwuliza kama angependa kumsikia mtu aliyekasirika. Akasema angependa sana.

Mungu alitupa watoto wengine watatu. Wa kwanza kati yao alikuwa msichana, na kwa desturi ya kwao alichukua jina la mama mkwe wangu, ambaye alimpokea akamkagua vidole vyote kabla ya kumbariki. Mwaka mmoja, tukiwa tumekaa tukichambua ndengu, nilimshukuru kwa maneno, jambo ambalo kwetu si la kawaida kati ya mke wa mwana na mama mkwe. Akaniambia kwamba siku ile ya Kinoru alisimama nje ya mlango wangu akiogopa kubisha. Alidhani nitamfukuza, kwa yale aliyosema wakati wa posa. Nikamwambia na mimi nilimwogopa. Tukaendelea na ndengu zetu.

Sasa hayupo, na mume wangu amestaafu. Tumejenga kwenye shamba lile lile. Mwaka huu mvua zimekuja kwa wakati, na asubuhi, kabla joto halijaanza, tunatoa viti nje. Yeye husoma kwa sauti kwa kuwa macho yangu yamechoka. Mara nyingi siku hizi anachagua zile za kusifu, zenye ngoma na vilima, na mimi husikiliza nikitazama mtama unavyochipua. Wakati mwingine, bila mtu kutuambia, anachagua moja ya zile nyingine. Nayo pia tunaitikia amina, kisha tunakwenda kufungulia mbuzi.